Damu Yetu Haina Kosa

Hotuba hii ilitolewa Jumapili alasiri huko Brooklyn Park, Minnesota, na muuguzi wa wadi ya wazazi, mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili, kuhusu ubaguzi wa rangi na afya zetu. Wengi walikuwa zamu siku hiyo, wakaomba waipate. Tumeiweka yote kama ilivyosemwa.

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, akina baba, habari za mchana. Vijana, mambo. Na bandugu wetu wa Bukavu na Uvira mliojaza safu mbili za mbele, jambo sana. Leo nitajitahidi Kiswahili changu cha Tanga kisiwaache njiani.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia, "Dada, njoo uwaambie akina mama wahudhurie kliniki." Haya. Akina mama, hudhurieni kliniki. Hilo nimelimaliza. Sasa naomba tuzungumze lile ambalo tukikutana harusini na misibani huwa tunalikwepa.

Kuna maneno yanayopita sana kwenye sebule zetu. Mtu anasema, "Hayo mambo ya Weusi wa hapa hayatuhusu. Sisi tumekuja kutafuta maisha. Wao wana shida zao za tangu zamani." Mmeyasikia? Msiniangalie hivyo, mmeyasikia. Mimi nimeyasikia kwenye gari tukienda kupiga zamu ya usiku, nimeyasikia nje ya kanisa, nimeyasikia jikoni tunakaanga sambusa za Idi. Mtoto akirudi nyumbani suruali imeshuka kidogo, tunamwambia, "Usijifanye Mmarekani Mweusi." Kana kwamba polisi akimsimamisha barabarani atamuuliza kwanza kabila la babu yake.

Leo nayaweka maneno hayo kwenye mizani, ile mizani yangu ya kazini ya kupimia watoto wachanga.

Mwaka 1997, madaktari wawili wa watoto wa Chicago, Richard David na James Collins, walichapisha kazi yao. Walichukua vyeti vya kuzaliwa vya jimbo la Illinois, vya tangu 1980 mpaka 1995, wakavigawa makundi matatu. Watoto wa akina mama Wazungu waliozaliwa Marekani. Watoto wa akina mama Weusi waliozaliwa Marekani. Na watoto wa akina mama waliozaliwa Afrika, yaani sisi. Wakaangalia uzito.

Mtoto wa Mzungu, kwa wastani, gramu 3,446. Mtoto wa mama Mweusi wa hapa, gramu 3,089. Na wetu? Gramu 3,333. Wa kwetu alikuwa jirani kabisa na mtoto wa Mzungu, na mbali sana na wa dada yetu aliyezaliwa hapa.

Tulieni kidogo hapo, maana kwa miaka mingi hospitalini na vyuoni watu walikuwa wanasema mtoto wa Mweusi huzaliwa mdogo kwa sababu ya damu yake. Ni asili. Ni maumbile. Kama ni maumbile, basi sisi tuliotoka huko huko damu hiyo ilikotoka tungezaa watoto wadogo kuliko wote, maana damu ya Weusi wa hapa ina mchanganyiko mwingi wa Kizungu, na historia ya mchanganyiko huo mnaijua. Lakini mizani ilisema kinyume. Aliyetoka Afrika juzi ana mtoto mzito. Ambaye ukoo wake umekaa Marekani miaka 300 ana mtoto mwepesi.

Mnaona wenzetu wengine wameanza kutabasamu. "Si nilisema? Sisi tofauti." Ngojeni.

Mwaka 2002 Collins na wenzake walirudi wakauliza swali la pili. Binti wa mhamiaji, yule aliyezaliwa hapa, akikua naye akazaa, mtoto wake anakuwaje? Kwa ukoo wa wahamiaji kutoka Ulaya, mambo yalikwenda kama kila mzazi anavyoomba: mjukuu alizaliwa mzito kuliko mama yake alivyozaliwa. Kwa ukoo wa wahamiaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, mjukuu alizaliwa mwepesi kuliko mama yake. Kizazi kimoja, ndugu zangu. Mama amekuja na afya yake, binti amekulia hapa, kasoma hapa, Kiingereza kimenyooka kuliko cha mama, pengine na pesa zaidi, na mtoto wake anaanza kushuka kwenye mizani.

Je, damu imebadilika? Kati ya bibi na mjukuu, damu imebadilika?

Najua kuna mjuzi atakayeniambia sisi tulichujwa. Tulipimwa kifua na kila kitu kabla ya viza, waliokuja ni wenye afya. Ni kweli kabisa, na sehemu ya uzito ule inatokana na hilo. Lakini Mpolandi naye alichujwa. Mbona mjukuu wake anapanda?

Jibu ninaloweza kulisimamia ni moja. Binti yako anakulia katika nchi inayomsoma rangi kabla hajafungua mdomo. Anafuatwa dukani. Mwalimu anashangaa akipata alama nzuri. Anatuma maombi ya kazi, jina lake linawekwa pembeni. Tangu ana miaka sita mwili wake uko macho, na mwili ulio macho miaka 25 mfululizo hupandisha presha, huchosha mishipa, hauna akiba mimba ikija. Profesa Arline Geronimus alilieleza hili tangu 1992, watu wakamcheka. Alionyesha kwamba kwa mwanamke Mzungu kungoja mpaka miaka ya ishirini na kitu ndipo azae kulimpunguzia mtoto hatari, lakini kwa Mweusi wa hapa hatari ilianza kupanda mapema, kwa sababu mwili wake ulikuwa unachakaa mapema. Leo hawamcheki.

Kwa hiyo ukisema mambo ya Weusi wa hapa hayakuhusu, wewe mwenyewe huenda umesema kweli. Wewe ulikulia Morogoro, ulikulia Kisumu, mahali ambapo mwalimu, hakimu, daktari na mwizi wote ni weusi. Lakini mwanao je? Huyu aliyekaa hapa mbele anachezea simu, yeye Weusi wa hapa ndio yeye.

Sasa tuulize, nchi inaingiaje mwilini? Nitaanza na ardhi, kwa sababu Mwafrika anaelewa ardhi.

Mwaka 1910, hapa hapa Minneapolis, iliandikwa hati ya nyumba yenye sharti. Kwamba nyumba ile isiuzwe, isiwekwe rehani wala kupangishwa kwa mtu wa damu au asili ya Kichina, Kijapani, Kimoro, Kituruki, Kinegro, Kimongolia au Kiafrika. Kiafrika, ndugu zangu. Tulikuwa bado hatujafika na hati ilikuwa inatungoja. Masharti ya namna hiyo yaliandikwa kwenye maelfu ya nyumba za mji huu, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamekaa miaka wakiyatafuta moja moja na kuyachora kwenye ramani. Mahakama Kuu ya nchi iliyanyima nguvu 1948, na sheria ya 1968 ikayaharamisha. Wakati huo nyumba zilikuwa zimeshagawanywa.

Na miaka ya 1930 serikali yenyewe ilituma watu wakachora ramani za miji zaidi ya 200. Mtaa mzuri kijani, mtaa wa kuogopwa na benki mwekundu. Walipoishi Weusi, wekundu ulikuwa hauna mjadala. Ukiwa ndani ya wekundu hupati mkopo wa nyumba. Usipopata mkopo huna nyumba ya kuwaachia watoto. Na penye watu wasio na nyumba ndipo panapopitishwa barabara kuu, ndipo panapowekwa kiwanda, ndipo pasipopandwa mti.

Wangapi mmekuja leo kwa barabara kuu ya I-94? Inueni mikono. Karibu nyote. Kule St. Paul barabara hiyo ilipasua mtaa wa Rondo, mtaa wa Weusi uliokuwa na maduka yao, makanisa yao, vinyozi vyao. Kazi ile ilianza katikati ya miaka ya 1950, na kufikia 1968 magari yalikuwa yanapita. Mamia ya familia zilivunjiwa. Palikuwa na njia nyingine ya kupitisha barabara ile, kando ya reli upande wa kaskazini, wakaiacha.

Mwaka 2020 watafiti walipima joto la ardhi katika miji 108 wakalinganisha na ramani zile za miaka ya 1930. Mitaa iliyopakwa nyekundu ilikuwa na joto zaidi kuliko mingine kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Chora kalamu nyekundu leo, baada ya miaka 80 bibi kizee anazimia kwa joto katika nyumba iliyopo ndani ya mstari ule ule. Je, ni damu yake? Mtoto anayeshika pumu kando ya barabara kuu, ni damu yake? Hata huko Chicago walikopimwa watoto wale, mwaka 2019 watafiti walikuta mtu wa Streeterville, mtaa wa wenye nazo, anatarajiwa kufika miaka 90, na wa Englewood, mtaa wa Weusi ulio maili chache tu kutoka hapo, miaka 60.

Wazee wetu hawa nikiwatazama naona hawashangai. Mzee aliyekulia Dar es Salaam anajua kwamba Ocean Road ilijengwa na Wajerumani iwe hospitali ya Wazungu, na Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Ndugu zangu wa Nairobi, hiyo Nairobi Hospital mnayoiogopa bili yake ilifunguliwa 1954 ikiitwa European Hospital. Tunaujua mchezo huu. Tumeusahau kwa sababu kwetu bendera ilishuka.

Tuingie hospitalini basi, maana huko ndiko ninakokula mkate wangu.

Mnakijua kile kifaa kidogo kinachobana kidole kama kibanio cha nguo, kinatoa mwanga mwekundu na namba ya oksijeni. Wakati wa Korona kila nyumba ilikinunua. Namba ikisoma 95 watu wanapumua kwa raha. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo: walilinganisha namba ya kidoleni na damu yenyewe iliyochotwa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa Weusi, kifaa kilisema oksijeni inatosha wakati kwa kweli imeshuka vibaya karibu mara 3 zaidi ya kwa Wazungu. Mwanga unapita kwenye ngozi, rangi ya ngozi inauchezea, na wengi waliotumika kuvirekebisha vifaa vile walikuwa na ngozi nyeupe. Hakuna aliyekaa mezani akasema tuwaue Weusi. Hakuna aliyekaa mezani akauliza, "Na Mweusi je?" Basi. Imetosha kuua.

Fikirieni ile miezi. Namba ndiyo ilikuwa inaamua nani alazwe na nani arudishwe nyumbani. Mgonjwa ananiambia, "Sista, sipati pumzi." Namba inasema 94. Mimi nilifundishwa na wakunga wa zamani nyumbani kwamba mtu mweusi humwangalii ngozi ya mkono. Unashusha mdomo wa chini uone ndani, unaangalia ufizi, unavuta kope la chini. Kukiwa na rangi ya majivu, hiyo namba itupe. Mwenzangu kijana, msichana mzuri tu wa kutoka Wisconsin, kitabu chake kilimfundisha atafute midomo ya bluu. Midomo ya bluu kwa Msukuma! Angeingoja mpaka asubuhi.

Hilo la kifaa. Sasa la figo, na hapa naomba wenye wazazi wanaosafishwa damu wanisikilize kwa masikio yote mawili.

Nguvu ya figo hukadiriwa kwa hesabu. Wanachukua damu, wanaangalia taka iliyobaki, wanaingiza umri na jinsia, inatoka namba. Namba ikishuka mpaka 20, unaweza kuanza kuhesabiwa siku zako kwenye foleni ya kupandikizwa figo. Tangu 1999 hesabu hiyo ilikuwa na kipengele cha ziada: mgonjwa akiwa Mweusi, zidisha. Kwenye toleo la 2009 ilikuwa ni kuzidisha kwa 1.159. Kwa nini? Ati Weusi wana misuli mingi. Nani alipima misuli ya nani? Mimi hapa Msambaa, kilo 52 na viatu, nina misuli ya kumzidi nani?

Fanya hesabu mwenyewe. Figo yako ni 18. Kwa jirani yako Mzungu ni 18, anaingia foleni leo. Wewe unazidishiwa, unakuwa karibu 21, unaambiwa mama, bado figo zako ziko vizuri kidogo, rudi baada ya miezi kadhaa. Hujaongezewa hata tone la afya. Umeongezewa namba. Na nani aliyeamua wewe ni Mweusi? Karani wa mapokezi aliyeweka alama kwenye kisanduku. Sasa nambieni, mtoto wa Lamu ambaye baba ni Mwarabu wa Hadhramaut na mama ni Mbajuni, huyo zidisha au usizidishe? Nusu figo?

Mwaka 2021 wakuu wa madaktari wa figo walisema hesabu ile iondolewe. 2022 mtandao wa taifa wa upandikizaji ukaipiga marufuku. Na Januari 2023 hospitali ziliamriwa kupekua majalada ya wagonjwa Weusi waliomo kwenye foleni na kuwarudishia muda waliopokonywa. Zaidi ya wagonjwa 14,000 walirudishiwa, wastani wa karibu miaka 2 kila mmoja. Miaka 2 ya kukaa kwenye kiti cha kusafishia damu siku tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kama una mzazi aliye kwenye foleni ile, kesho piga simu kituoni kwake uulize swali moja: "Muda wa baba ulirekebishwa mwaka 2023?" Usiogope kuuliza. Ni haki yake, wala si fadhila.

Mtu ataniambia, "Dada, hayo ni ya maskini na wasiosoma. Binti yangu anasomea uhasibu, ana bima nzuri." Mama yangu, kaa chini. Mwaka 2019 taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilichapisha takwimu za vifo vinavyotokana na ujauzito kati ya 2007 na 2016. Mwanamke Mweusi mwenye digrii alikuwa kwenye hatari ya kufa mara 5 zaidi ya Mzungu mwenye digrii. Tena mbaya zaidi: alikuwa kwenye hatari kubwa kuliko Mzungu ambaye hata sekondari hakumaliza. Na mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai na akina mama Weusi nchini, walikufa akina mama 50; kwa Wazungu, 14 au 15.

Dk. Shalon Irving alikuwa na shahada ya uzamivu katika masomo mawili. Aliajiriwa na CDC hiyo hiyo, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi dhuluma na ukosefu wa usawa unavyoharibu afya za watu. Januari 2017 alijifungua mtoto wa kike. Akarudi kliniki mara kwa mara: presha imepanda, mguu umevimba, mwili haumwelekei. Kila mara akarudishwa nyumbani. Wiki tatu baada ya kujifungua alianguka, akafa, ana miaka 36. Yule aliyekuwa anayachunguza mambo haya haya.

Mwaka huo huo, Septemba, Serena Williams alijifungua kwa upasuaji. Mwanamke mwenye mataji 23 makubwa ya tenisi, tajiri, mwili wake anaujua kuliko fundi anavyojua gari. Aliwahi kupata damu iliyoganda mapafuni miaka ya nyuma. Siku moja baada ya upasuaji akakosa pumzi. Alitoka chumbani ili mama yake asipate hofu, akamkuta muuguzi, akamwambia huku anahema: nahitaji picha ya mapafu kwa mashine ya CT, na dripu ya dawa ya kuyeyusha damu, sasa hivi. Aliitaja mpaka dawa. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Daktari akaja na mashine ya kupima miguu. Miguu haina kitu. Serena akasisitiza, nimesema mapafu. Walipopiga picha wakaona damu imeganda mapafuni, kama alivyosema.

Mimi ni muuguzi. Hadithi ile ya Serena naisoma kutoka upande wa pili wa kitanda. Sidhani yule mwenzangu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana wagonjwa wengi, na mbele yake yuko mwanamke mweusi anayepaza sauti, na kichwani mwake mwanamke mweusi anayepaza sauti tayari ana maelezo. Anatia chumvi. Hana adabu. Dawa zimempanda. Na binti yako, ambaye hana hata taji moja, atasikilizwa na nani?

Sasa wapo walioyasikia haya yote wakaamua bora wasiende. "Hospitali zao hizo, si ndizo zilizowadunga Weusi kaswende?" Nakuja kwako, mzee wangu, kwa heshima zote. Kule Kaunti ya Macon, Alabama, karibu na Tuskegee, tangu 1932 mpaka 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600, wakulima wa pamba. 399 walikuwa na kaswende. Hakuna aliyewadunga. Walikuwa nayo tayari. Wakaambiwa wana "damu mbaya", na kwamba wanatibiwa. Hawakutibiwa. Walichotwa maji ya uti wa mgongo wakiambiwa ni matibabu maalumu ya bure. Walipewa chakula, usafiri, na ahadi ya dola 50 za mazishi, ilimradi maiti ipasuliwe. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, kuanzia mwaka 1947 hivi, wakanyimwa, wakaachwa wapofuke na kufa, na wake zao wakaambukizwa. Na aliyekuwa anawachukua kwa gari majumbani, anawajua watoto wao kwa majina, alikuwa muuguzi Mweusi, Eunice Rivers. Huyo mama namfikiria mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Lakini sikiliza kosa lenyewe liko wapi. Waliuawa kwa kunyimwa dawa. Dawa ipo kabatini, wao wakafichwa. Ukikaa nyumbani na presha ya 180 kwa sababu ya Tuskegee, unajifanyia mwenyewe kile walichowafanyia wale wazee. Nenda. Lakini nenda na mtu, nenda na kalamu, nenda umekaza.

Na msidhani mambo haya hayabadiliki. Kabla ya 1965, hospitali nyingi za Kusini mwa Marekani zilikuwa na mlango wa Weusi au hazikuwa na mlango wa Weusi kabisa. Kisha sheria ya haki za kiraia ya 1964 ikasema fedha ya serikali haiendi penye ubaguzi, na mpango wa bima ya wazee, Medicare, ulipoanza Julai 1966, hospitali zikaambiwa: mnataka hela? Changanyeni wadi. Zaidi ya hospitali 1,000 zilifungua milango ndani ya miezi michache. Yale mapenzi kwa Mweusi yalipatikana ghafla, hundi ilipoonekana. Na Mississippi vifo vya watoto wachanga Weusi vikaporomoka, hasa vile vya kuhara na nimonia. Watoto wale wale, damu ile ile. Kilichobadilika ni mlango.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Namalizia na ya kubeba nyumbani.

Bibi zetu walikuwa na arobaini. Mzazi anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, hainui ndoo, na nyumba imejaa wanawake wanaomtazama. Hapa mzazi yuko peke yake ghorofa ya tatu, mume anapiga zamu mbili ghalani, wiki ya sita mama naye anarudi kubeba boksi. Sasa sikieni: zaidi ya nusu ya vifo vya akina mama vinavyotokana na ujauzito hutokea kuanzia wiki moja baada ya kujifungua mpaka mwaka mzima. Mwaka, si arobaini. Na CDC inasema zaidi ya 80 katika kila 100 vingeweza kuzuilika. Kwa hiyo mwenye mzazi ndani ya nyumba, akilalamika kichwa kinachouma hakiachi, macho kuona giza au vimulimuli, kukosa pumzi, kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, au akisema hataki kuishi, hakuna kungoja kuche. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe, "Amejifungua tarehe fulani." Wasipoambiwa hawajui.

Akina baba, kazi yenu ni kuwa shahidi. Daktari akikataa kipimo, mwambie kwa upole, "Naomba uandike kwenye jalada kwamba tumeomba kipimo hiki na umekataa, na sababu." Mtaona maajabu ya kalamu.

Na mkalimani ni haki yako bila malipo, hospitali yoyote inayopokea fedha ya serikali. Msimfanye mtoto wa miaka 11 amtafsirie mama yake habari za kizazi. Bandugu wa Kongo, semeni mnataka Kiswahili cha Kongo. Msikubali kuitikia tu "ndiyo" kwa adabu.

Na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, pale kwenye kanisa la jirani zetu Weusi wa hapa, akina mama wao wanakutana kufundishana mambo haya haya. Wametualika mara mbili, hatukwenda. Wana uzoefu ambao sisi bado tunaununua kwa bei ghali. Nina magari mawili, nahitaji matatu. Nani ana gari?

Haya, nimeona mikono mitano. Mashine za presha ziko meza ile ya nyuma, kando ya birika la chai. Tunaanza na wazee na wajawazito. Kaa dakika tano kwanza, mguu usiukunje nne, na chai utakunywa baada ya kupimwa.